Waya Mnene na Jino Zima

Nilikuwa na nyaya mbili za maikrofoni, na asubuhi ile zote mbili zilikuwa mbaya, kila mmoja kwa namna yake. Ule mpya ulikuwa mwembamba na wa kung'aa, lakini ndani haukuwa na wavu wa kuzuia kelele. Ukipita karibu na umeme, ulivuma kama nzi ndani ya chupa. Ule wa zamani ulikuwa mnene na mtulivu, ila karibu na plagi shaba yake ilikuwa imekatika. Ukiupinda kwenda juu, sauti ilikuja. Ukiuachia, ilipotea. Lehemu ya kuiunga haikupatikana mjini. Mji wetu ulifua shaba ya kupeleka duniani kote, na mimi nilikosa ya urefu wa kidole.

Sikuwa na wa kumsingizia. Nilitoka chuo kikuu na shahada ya falsafa, nikaajiriwa na redio ndogo, na kila siku nilikifunga kinasa sauti nyuma ya baiskeli kwa waya wake wenyewe, nikiukaza jinsi wauza makaa wanavyokaza magunia. Niliona ni akili nyingi: mzigo unatembea na kamba yake.

Siku hiyo kamisaa, mkuu wa mkoa, alikuwa anakuja kuwahutubia wafanyakazi wa kiwanda, na hotuba ilipaswa kurushwa jioni. Ikikatika, hakuna ambaye angeuita ule ubovu wa waya. Ungeitwa hujuma.

"Prof," alisema mwenzangu, mtangazaji, "leo utatupeleka gereza ya Buluo. Na minye siko na koti ya baridi."

"Nyamaza, ninachagua."

Nilichagua mnene, kwa sababu jenereta ilinguruma nyuma ya jukwaa. Nikatundika kinasa sauti shingoni, nikaushika waya kwa mkono, umepinda kuelekea kidevuni. Hotuba ikaanza, na katika visikizi masikioni ilikuwa safi. Kitu kimoja tu sikukifikiria: makofi.

Kila Rais alipotajwa, ilikuwa lazima kupiga makofi na kuimba. Kando yetu alisimama mtu wa usalama, amevaa abakosti nyeusi, ile suti ya serikali isiyo na tai, na hakuwa anatazama jukwaa. Alikuwa anatazama mikono ya watu.

Jina likatajwa. Nikauma waya kwa meno, shingo juu kama mbuzi anayetafuna kamba yake, nikapiga makofi kuwashinda wote. Sauti haikukatika. Likatajwa tena, nikauma tena. Jasho lilinitiririka hadi kwenye betri.

Hotuba ilipokwisha, yule mtu akanijia.

"Sitwayen," akasema, maana sote tuliitwa raia, "makofi nimeona. Juu ya nini hauimbi?"

Mwenzangu akadakia:

"Chef, huyu meno inamuluma tangu jana. Anauma waya juu ya maumivu."

"Fungula kinywa."

Nikafungua. Alichungulia kwa makini, kama anayekagua hati za kusafiria.

"Ya nyuma iko mubaya kweli," akasema. "Twende kwa munganga. Minye nitangojea."

Mganga wa meno aligonga jino la nyuma, akanitazama, kisha akamtazama mtu aliyesimama mlangoni. Sijui kama alielewa au aliogopa tu kama mimi.

"Ni hili?"

"Ndiyo," nikasema. Lilikuwa jino zima kabisa. Akaling'oa.

Jioni hotuba ilirushwa bila mkwaruzo hata mmoja. Nilikuwa nimelala na kitambaa shavuni, mwenzangu ameketi kando ya kitanda na redio mapajani.

"Sauti muzuri, prof. Kamisaa akirudia hotuba mara mbili tatu, utakunywa uji mpaka kufa."

Tangu hapo mzigo wa baiskeli naufunga kwa mpira wa tairi. Waya nauviringa kwa mizunguko mipana, bila kuukaza, na kabla ya kutoka nyumbani natikisa kila ncha huku nikisikiliza. Ikikwaruza hata kidogo, ulimi wangu hukimbilia nyuma, kuhesabu meno yaliyobaki.