Mtani wa Redio ya Upepo

Sikusimuliwa na mtu, wala sikuota. Yalinipata mwenyewe, mchana, nikiwa na akili timamu. Anayebisha aende Mikumi akaulize.

Miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, nilikuwa nimepanga chumba Magomeni, Kilosa. Shule niliiacha darasa la tano kwetu Unyamwezi, nikafuata reli, nikafanya vibarua vya mkonge Kimamba na vya miwa Ruhembe. Popote nilipokwenda nilibeba redio yangu ya betri. Wenzangu walisikiliza muziki na taarifa ya habari. Mimi nilizungusha kitufe polepole katikati ya stesheni, pale wengine wanaposikia mikwaruzo tu, nikawapata watu wa redio ya upepo wakiitana kutoka shamba hadi shamba, kambi hadi kambi. Trekta limekwama, ova. Unga umeisha, ova. Niamini, hakuna mchezo wa redio unaoshinda hayo. Nilijua nani ana mke mkali na nani anadanganya kuhusu pancha, na wao hawakunijua.

Niliyempenda zaidi ni Ramadhani, Msagara wa kambi ya barabara upande wa Mikumi. Akimaliza kuagiza vitu alimtania mwenzake wa Kimamba, Mnyamwezi kama mimi. "Ninyi mlibeba mizigo mpaka shingo zikazama mabegani, ova." Utani wetu na Wasagara ni wa tangu mababu, na mtani akikutukana unamjibu. Basi nami nilimjibu, peke yangu chumbani: "Na ninyi mlikuwa mkitukimbia porini mkidhani tumekuja kuwaoa." Nikacheka. Redio yangu ilikuwa ya kusikiliza tu, haikuwa na mahali pa kusemea.

Zikapita siku nyingi sikumsikia. Alasiri moja ya mvua akarudi. Aliita Kimamba, Kimamba kimya. Akasema, "Basi wewe mchukuzi wa Magomeni, usijifanye hunisikii. Mama yangu hali chakula. Tangu msiba uanze anakunywa maji tu, na hakuna mtani aliyekuja kumlisha. Atakufa. Njoo, ova."

Nilitazama mlango, nikatazama dirisha. Nikauliza, kwa sauti ndogo, "Msiba wa nani?"

"Njoo kambini, nitakuonyesha njia. Ova."

Ungefanya nini wewe? Kesho yake nilipanda lori la Mikumi. Mpaka leo sijui kama ni huruma iliyonipeleka au udadisi.

Nje ya kibanda cha redio alisimama mwanamume aliyevaa koti la mvua la kijani, likichuruzika maji, ingawa mvua ilikatika asubuhi. "Umechelewa," akasema. "Miguu ya misafara imekwisha?" Sauti ilikuwa ile ile. Nilimjibu utani wake, akatangulia kwenye njia ya mahindi. Tulipofika kwenye kona akanionyesha nyumba yenye watu wamekaa uani. "Nenda. Mwambie ale." Yeye akainama kufunga kamba ya kiatu.

Uani, bibi mmoja alikuwa ameketi mkekani, mifupa mitupu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Mwanamume mmoja, mwanawe mkubwa, akaniuliza mimi nani.

"Mnyamwezi, nimetoka Kilosa. Nimeletwa na Ramadhani."

"Ramadhani yupi?"

"Wa redio. Yuko hapo njiani, anafunga kiatu."

Mwanamke mmoja akaguna, akaangua kicheko, na wote wakafuata. "Mtani amefika," akasema yule kaka, akifuta machozi. "Tumemzika huyo Ramadhani, mdogo wangu, bila mtani. Majirani zetu Wanyamwezi wote wamehamishwa."

"Simtanii mtu," nikasema. "Nimeachana naye sasa hivi." Kila nilivyoapa ndivyo walivyoshika mbavu. Maana mtani husema nini msibani, kama si kwamba marehemu ni mvivu, amejificha akikwepa kazi?

Nilimwona bibi midomo ikimtetemeka, na kwa desturi mtani akisema kula, mfiwa hula. Nikachukua bakuli la uji. "Mama, amesema ule."

"Marahaba," akaitikia, kana kwamba nimemwamkia wakati ule. Akanywa.

Watu walipotawanyika akaniuliza polepole, "Amevaa nini?"

"Koti la mvua. La kijani."

Akainua ukingo wa mkeka. Koti lile lile lilikuwa chini yake, limekunjwa, amelikalia tangu mazishi. Nililishika. Lilikuwa kavu kabisa. Nilitaka kumweleza kuwa sielewi, ila yeye alilipapasa tu, akasema, "Basi hanyeshewi," akaomba uji mwingine.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mimi ndiye ambaye sikupona. Nilihamia Kidodi, siku ya mvua sauti nisiyoijua ikaniita, "Wewe mchukuzi wa Kidodi." Nikahamia Kimamba, nako wakanifuata. Ni sauti tofauti, kila moja na mfiwa wake anayengoja. Huwa nakwenda. Nikifika nasema ukweli mtupu, nao wanacheka, na siku hizi sijui tena mimi ni shahidi au ni mchekeshaji.

Wewe sikiliza utakavyo, masikio ni yako. Ila sauti usiyoijua ikikutania, funga mdomo. Ukijibu utani umekubali undugu, na ndugu hakatai msiba.