Duka la Sanda la Bibi Kwak

Ilikuwa mwaka elfu mbili na tisa. Hapana, nimekosea. Mwaka ule mwezi wa nyongeza uliangukia kwenye mvua za majira ya joto, na huu ninaousimulia ulikuja maua yakiwa bado yanadondoka barabarani. Basi ni elfu mbili na kumi na mbili.

Katika mwezi huo, ambao kalenda ya wazee huuongeza kila baada ya miaka miwili mitatu, watu wa Andong husema mizimu haina zamu. Mtoto anaweza kuwanunulia sanda wazazi wake walio hai bila kuwaletea nuksi. Kwa hiyo Bibi Kwak Bun-nam, mfumaji wa miaka sabini na sita, alifuma miaka yote kwa ajili ya mwezi mmoja. Safari hii mwanawe wa Incheon alikuwa amekwisha sema: wateja wasipokuja, anakuja yeye na lori kumhamishia kwake, na kitanda cha kufumia hakipandi lifti ya ghorofa ya kumi na nne.

Bibi akamwendea jirani yake, Pyo Gil-man.

“Nasikia watu siku hizi wananunua hata sanda kwenye kompyuta,” alimwambia. “Nifungulie duka humo. Ila lisifanane na duka la ndoo.”

Pyo alichapa kadi za harusi na za msiba miaka thelathini, mpaka watu walipoanza kualikana kwa simu. Alikuwa mtu wa herufi. Akienda kula tambi, alisoma kwanza kibao cha mlangoni na kuguna.

Alijiandikisha darasa la bure la kompyuta pale ofisi ya wilaya, akaonyeshwa njia tatu. Ya kwanza, violezo vilivyo tayari: unajaza maneno, tovuti imesimama. Lakini herufi zake zilikuwa nyembamba kama za risiti ya benki. Ya pili, kuandika msimbo wa kompyuta mwenyewe, mstari kwa mstari. Alijaribu siku mbili, alama moja ikasahauliwa na ukurasa mzima ukalalia kushoto. Ya tatu ilikuwa programu ya picha aliyotengenezea kadi zake. Hiyo aliijua kama jiko lake. Aliweza kuweka herufi za brashi, na nyuzi za kitambaa zikaonekana moja moja. Maduka makubwa ya Seoul nayo yalifanya hivyohivyo: ukurasa wote picha moja ndefu, inakatwa vipande kama tofu, inapandishwa mtandaoni.

“Mjomba, ni nzuri mno,” alisema mwalimu wake, Seok Mi-ryang. “Lakini maneno yote yamo ndani ya picha. Mtu akitafuta sanda, mtandao hausomi picha.”

“Maduka ya Seoul mbona yanauza?”

“Yale yanajulikana majina, mjomba. Na yanalipia matangazo.”

“Wewe unataka nimwandikie marehemu kwa herufi za benki.”

Mi-ryang akacheka, akamwacha.

Bibi Kwak alipoonyeshwa alikaa kimya muda mrefu. “Mpaka natamani kufa,” akasema. “Nikose wateja wote, mmoja ninaye. Mimi mwenyewe.”

Mwezi ukaingia. Siku ya tisa Pyo alimpigia kuhakikisha simu yake ni nzima.

“Inalia,” alisema bibi. “Nimeacha kabichi kwenye chumvi nikaikimbilia, kumbe ni wewe.”

Siku zote Pyo alifungua tovuti kwa kuandika anwani yake. Siku ya kumi na tisa ndipo alipotafuta kama mtu asiyeijua: sanda, Andong. Yakaja maduka saba, mengine yakiuza vitambaa vya mashine kutoka nje. La bibi halikuwemo. Akaandika jina lake kamili. Halikuwemo.

Mi-ryang alikuja, hakumkumbusha neno. Wakaanza upya kwa kiolezo, na Pyo akajaza maneno yaleyale kwa zile herufi nyembamba, bila kuguna. Siku mbili zikatosha. Lakini mtandao nao una mwendo wake wa kuorodhesha kurasa mpya, wala hauharakishwi. Ukurasa ulitokea kwenye orodha siku ya tatu baada ya mwezi kwisha. Hakuna aliyepiga.

Lori lilifika asubuhi ya manyunyu. Kitanda cha kufumia kilibaki ghalani, kimefunikwa turubai. Pyo alibeba mafurushi, na kila alilochukua aliliona jepesi. Bibi alikuwa amekwisha kaa mbele, karibu na mwanawe, mikono mapajani.

Pyo akasogea dirishani. Tangu siku ile ya kumi na tisa alitaka kuuliza jambo moja.

“Bibi,” akamwuliza, “ulipoiona ile picha ukakaa kimya vile, ulikuwa umekwisha jua hatakuja mtu?”

Bibi alikuwa akimwambia mwanawe apandishe kioo, mvua inaingia.