Kimya cha Darasa la Magarini

Sijamsamehe, wala siandiki haya ili nimsamehe.

Nilikuwa mwanagenzi katika shule moja ya Magarini, nikitimiza mazoezi ya kufundisha. Somo la kutathminiwa nililiandaa siku tatu. Sikutaka kuwaambia watoto kwamba maji ya bahari yakikauka huacha chumvi. Nilitaka jambo hilo waligundue wenyewe, mimi niwaongoze kwa maswali tu. Asubuhi kila kikundi kilianika juani vifuniko viwili vya makopo, kimoja cha maji ya bahari, kingine cha maji ya mvua. Adhuhuri tukavirudisha madawatini.

"Mnaona nini?" nikauliza.

Kimya. Nami nikanyamaza makusudi, maana kwenye andalio langu la somo nilikuwa nimeandika: wape muda. Msichana mmoja akagusa kifuniko, akalamba kidole, macho yakamtoka. Akainua mkono.

Naibu wa mwalimu mkuu, aliyekaa nyuma kunitathmini, akainuka kabla sijampa nafasi. "Mwalimu, huku ndiko kufundisha? Waambie jibu!"

Akaja mbele, akaandika jibu ubaoni, akawaamuru wanakili. Kisha akapita na dasta, akivipangusa vifuniko kimoja kimoja. "Mwalimu wenu anawachezesha," akasema, na darasa zima likacheka. Yule msichana akashusha mkono. Mimi akanifelisha, nikarudia mazoezi muhula mzima.

Miaka ikapita, mtaala ukabadilika, na kile nilichochekewa kikawa ndicho kinachotakiwa. Nikapewa kazi ya kuzunguka shule mbalimbali kuangalia masomo. Siku nilipoona jina lake, sasa mwalimu mkuu wa shule moja karibu na Gede, nikaomba niende mimi.

"Karibu sana, Bi. Ungependa kumwona mwalimu gani?" akanilaki ofisini kwake.

"Wewe."

Hakunitambua. Hilo lilinichoma kuliko yote.

Alifundisha kuota kwa mbegu. Alikuwa ameweka kunde kwenye visahani, zingine zimelowa, zingine kavu, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuzigusa. "Mbegu huhitaji nini ili iote?" akauliza, na papo hapo akajibu mwenyewe: "Maji, hewa na joto. Semeni!" Wakasema. Ningeweza kumnong'oneza neno moja likamwokoa. Sikunena. Niliandika kila swali lake, na chini yake jibu lake mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Desturi ni kuzungumza na mwalimu faragha. Mimi niliomba walimu wote wakusanyike ofisini, nikaisoma taarifa kwa sauti, polepole. Walimu wake walikodolea macho vikombe vya chai.

"Bi, haya ungeniambia tukiwa wawili," akasema.

"Ningeweza," nikamjibu, kisha nikamweleza habari za Magarini, mbele yao wote.

Alifikiri sana. "Nimewatathmini wanagenzi wengi. Wallahi, sikukumbuki."

Nilimwamini, na sikumhurumia. Nilitoka pale nikiwa mwepesi kama niliyetua mzigo, na furaha ile ilinidumu wiki nzima.

Wiki iliyofuata alinitumia picha kwenye simu: andalio jipya la somo, limeandikwa kwa mkono. "Naomba unisahihishie," aliandika. Nililisoma mara mbili. Swali la kwanza lilikuwa zuri, swali la kweli. Yalibaki makosa mawili madogo, ambayo ningeyarekebisha kwa dakika moja.

Sikumjibu. Mpaka leo sijamjibu.