Nilisema Niliweka Diski D

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana niliyemkosea naye anasoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, tuna mtoto mmoja, tunaishi Maisaka hapa Babati. Mume wangu ni mwalimu. Hajawahi kuninyanyasa hata siku moja, na hilo ndilo linaniumiza.

Baba mkwe wangu alikuwa mkulima kule Sigino. Alipougua, mume wangu alikuwa akitoka kazini anaenda kukaa naye. Mzee anasimulia walivyoshuka kutoka Mbulu, majina ya mababu, nani kazikwa wapi, na yeye anaandika kwenye laptop. Mzee akafariki. Tukapanga siku ya kubariki kaburi kila mwanafamilia apewe nakala yake.

Laptop ikaanza kuwa nzito. Mume wangu akaniachia niipeleke kwa fundi apige window upya, yaani aifute na kuianzisha mwanzo, akanielekeza vizuri kabisa: "Ile kazi ya baba ihifadhi sehemu mbili, diski D na kwenye flashi. Ukishaweka, ifungue uone kama inafunguka." Siku hiyo nilikuwa nawahi kupimwa gauni la sherehe ya mdogo wangu. Nikaburuta ile alama yake inayokaa pale mbele ukiwasha, nikaitupia kwenye flashi, nikaona imeingia, basi. D sikuweka. Kufungua sikufungua. Akapiga simu: "Umeweka sehemu zote mbili?" Nikajibu, "Zote, Baba Junior."

Fundi ni kijana mpole wa jumuiya yetu, ana kibanda karibu na stendi. Aliniuliza, "Dada, kuna kitu kimebaki diski C? Nikianza, vyote vya C vinafutika, vya D vinabaki." Nikasema hakuna. "Tuangalie kwanza pamoja?" Nikamjibu kwa ukali kwamba nina haraka, afute.

Jioni mume wangu akachomeka flashi. Kumbe nilichohamisha ni njia ya mkato tu, alama ya kulifungulia, faili lenyewe lilikuwa limekaa C. Halikufunguka. Akatafuta D, hakuna kitu. Akanigeukia. Ndugu zangu, hapo ningesema ukweli nadhani angenisamehe. Mdomo wangu ukasema, "Mimi D niliweka, labda fundi kaifuta."

Fundi akaitwa nyumbani. Akaniangalia. "Dada, si nilikuuliza?"

"Hukuniuliza kitu," nikasema.

Hakubishana na mimi. Akamwambia mume wangu, "Kaka, D sikuigusa. Kama lilikuwa C, acheni kuitumia hii mashine, mniletee nijaribu kulirudisha. Mkiendelea kuandika vitu vipya, vinakaa juu ya vile vya zamani."

Mume wangu akasimama. "Mke wangu amesema lilikuwa D! Toka kwangu."

Sasa jumuiya nzima inajua kijana yule ndiye aliyepoteza maneno ya marehemu. Watu wanapeleka kompyuta zao kwingine. Juzi tulikutana njiani, akanisalimia kwa heshima zote, "Shikamoo dada." Nikageuza njia.

Na kuna hili. Kila jioni mume wangu anakaa mezani, anajaribu kuandika upya anachokumbuka, kwenye laptop ileile. Anaandika, anafuta, ananiuliza, "Hivi baba alisema bibi yake aliitwa nani?" Nami nimekaa pale, najua kila mstari anaohifadhi huenda unafunika mstari wa baba yake. Nikimwambia aache, atauliza kwa nini. Jana nilificha chaja, akaenda kuazima kwa jirani.

Hata sasa ninapowaandikia namsikia sebuleni anabonyeza. Nianze kwa nani, mume au fundi? Na nikishasema, atanitazama tena kama mke wake? Nishaurini, lakini msichelewe, maana anaandika.