Mti Uliokunywa Maji ya Nyumba

Mume wangu alifika nyumbani mchana mmoja, abakosti yake, koti la kazini, imechafuka matope mpaka kwenye viwiko, amekumbatia gunia kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ndani mlikuwa na machipukizi mawili. Nilidhani ni migomba, nikafurahi.

"Si migomba," akasema. "Ni muti wa msafiri."

Nilikuwa nimetoka shuleni kufundisha, sauti imenikauka, na mimba ya pili ilikuwa na miezi mitano. Nikamuuliza unazaa nini. Akajibu kwamba hauzai kitu cha kula. Majani yake ni makubwa kama ya mgomba, lakini yanajipanga upande huu na upande ule, kama upepeo uliofunguliwa. Alinionyesha kwa mikono yote miwili, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye sijawahi kumwona.

Baba yake alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja karibu na ziwa. Mume wangu alipokuwa mtoto alimpelekea baba yake chakula, akangoja nje ya ua akiitazama miti miwili ya namna hiyo mbele ya mlango. Hakuruhusiwa kuingia. Kisha Mzungu aliondoka, kama wengi walivyoondoka miaka ile ya Zaire, nyumba ikapewa mkubwa mmoja, naye akaamuru miti ing'olewe ili magari yake yapate nafasi. Siku hiyo mume wangu alikuwa akipita akitoka biro, ofisini kwake. Aliingia kwa lango la mbele, mara ya kwanza maishani mwake, akaomba machipukizi.

Parseli yetu, kiwanja cha nyumba, ilikuwa jiwe tupu, lile jiwe jeusi la volkano ambalo Goma yote imekaa juu yake. Ilibidi aazime chuma kirefu cha kuvunjia mawe. Jumamosi asubuhi sote tulikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia na kufyeka barabara, na mchana alirudi kuvunja jiwe lake mwenyewe. Jumamosi tatu zilipita hivyo. Mashimo yalipokuwa tayari, hapakuwa na udongo wa kuweka ndani.

Udongo nilikwenda kuuomba mimi, kwa baba yangu huko Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, ambako unaweza kuchimba mpaka kiunoni bila kukuta jiwe.

"Batu banakuya hapa kuniomba mbegu," baba alisema. "Weye unaniomba shamba lenyewe."

Hata hivyo alijaza magunia manne. Nilirudi juu ya kamiyo, lori la maharage lililokuwa likienda Birere, sokoni mjini, nimekalia udongo wa kwetu, mgongo unaniuma, najiuliza kama kweli ni mimi.

Kisha yakaja maji. Robine, bomba la mtaa wetu, ilitoa maji siku ilipotaka, na siku nyingi haikutaka. Tulichota ziwani, nusu saa kwenda na zaidi ya nusu saa kurudi, maana kurudi ni kupanda. Nilibeba bidoni, dumu la plastiki, mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Bidoni ya kwanza ilikuwa ya kupika na kunywa, ya pili ya kufua na kuoga, na ya tatu ya ile miti. Mume wangu hakubeba. Sisemi hivyo kwa kumlaumu. Mwanamume wa biro aliyeonekana na bidoni mgongoni, watu walimuuliza mke wake amekufa lini.

Mama mkwe alishuka kutoka Masisi kunisaidia nilipojifungua. Alikulia katikati ya ng'ombe. Alisimama mlangoni siku ya kwanza, mtoto mkononi, akanitazama nikiimiminia ile miti maji.

"Hii inakunywa kila siku?"

"Kila siku, mama, mvua isiponyesha."

"Kule kwetu kitu kinachokunywa hivi, tunakikamua."

Alimgeukia mwanawe jioni akamwambia aonee huruma mgongo wa mke wake. Mume wangu alicheka, akamwambia asubiri ukue. Chipukizi moja lilikufa mwaka huo huo. La pili lilishika.

Ulikua taratibu sana. Nilizaa mtoto wa tatu, bado uko chini ya dirisha. Alipoanza kutembea, ukafika kwenye paa. Upepo wa ziwa ulichana majani yake yakawa vipande vipande, lakini ule upepeo ulionekana vizuri, na watu waliopita walisimama. Maharusi wawili waliwahi kuomba wapigwe picha mbele yake. Jumapili baada ya misa, mume wangu aliweka kiti nje, akachukua kitambaa cha maji, akafuta majani yaliyo chini, moja moja. Na mimi, siku za mvua, nilipoisikia ikipiga yale majani huku nikijua kesho sitabeba bidoni ya tatu, niliupenda kidogo.

Mtoto wa tatu alikuwa ameanza shule siku walipokuja. Walikuwa wanaume wawili wenye beji ya chama kifuani, na kamiyo imesimama nje na vijana wenye majembe. Mume wangu alikuwa kazini. Mmoja aliniambia kwa adabu kabisa, akiniita mwananchi kama chama kilivyoagiza:

"Sitwayene, mgeni mukubwa anatoka Kinshasa. Barabara ya uwanja wa ndege inapashwa kupendeza. Muti wenu umechaguliwa."

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kuomba wangoje mwenye nyumba arudi, au kulia, maana kulia kulisaidia wakati mwingine na watu kama hao. Nilikuwa nimesimama na bidoni mgongoni, sijaitua bado. Nikasema, "Chukueni."

Hivyo tu. Nilitua bidoni, nikakaa juu yake, nikawatazama. Mizizi ilikuwa imeingia kwenye nyufa za jiwe, wakashindwa kuitoa, wakaikata kwa panga. Jambo ninaloona aibu kulisema ni kwamba mabega yangu yalishuka, kama mtu aliyeambiwa anaweza kwenda kulala.

Mume wangu aliporudi, alisimama mbele ya shimo.

"Uliwaambia nini?"

"Ningewaambia nini, papa wa batoto? Ni batu ba serikali."

Akaingia ndani.

Mgeni alipita siku nne baadaye. Nilikuwa kando ya barabara na wanafunzi wangu, tunapunga bendera ndogo za karatasi tangu asubuhi. Magari yalipita mbio, vioo vimefungwa. Mti wetu ulikuwa hatua chache tu kutoka tuliposimama, umeshindiliwa kwenye kokoto, umefungwa kamba ili usianguke. Majani ya nje yalikuwa yameanza kujikunja.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja kuumwagilia. Ndipo mume wangu alipochukua bidoni. Alitoka biro, akashuka ziwani na abakosti yake, akajaza, akapanda nayo mpaka ile barabara, jioni baada ya jioni. Hakuniomba niende. Wanawake walimcheka ziwani, na huko kazini wakampa jina la mmwagiliaji wa serikali. Alirudi shati limeganda mgongoni, akala, akalala.

Wiki ya tatu nilimfuata na bidoni yangu. Nilimkuta amechuchumaa, anabonyeza shina kwa vidole. Kidole kiliingia ndani kama kwenye ndizi iliyooza.

"Umekufa," akasema.

Nilitua mzigo. Sikuwa nimepanga kusema, lakini nilikuwa nimechoka kuvibeba vyote viwili, maji na lile neno.

"Papa, niliwaambia wachukue. Hawakunilazimisha."

Hakugeuka. "Ninajua. Jirani aliniambia siku ile ile."

"Na hukusema kitu?"

"Niliona alama ya kamba kwenye uso yako," akasema. "Kila siku niliiona. Nilifanya kama siioni."

Tulimimina maji yale kwenye kokoto, kwa kuwa hakuna mtu angeyarudisha nyumbani umbali ule, tukarudi tukitembea tumeachana kidogo, kama watu wasiofahamiana. Kwenye shimo la nyumbani nilipanda lengalenga, mboga yetu ya majani, wiki iliyofuata. Iliota vizuri, tukaila.

Lakini asubuhi baada ya jioni ile ya barabarani nilichelewa kuamka. Bidoni mbili hazikuwepo mlangoni. Nilimwona akipanda kutoka ziwani, moja kila mkono, anasimama kila hatua kumi, na mwanamke mmoja nyuma yake anamuuliza kwa sauti kama mke wake amekufa.

"Analala," mume wangu akamjibu.

Alibeba hivyo kwa miaka. Siku ile ya kwanza nilitaka kumshukuru. Badala yake niliingia ndani, nikajilaza, nikalala tena mpaka watoto waliponiamsha.