Ukurasa Uliosifiwa

Mpaka leo mtu akiniuliza tasnifu yangu ya shahada ilihusu nini, namjibu kwa mkato: Wasangu na majirani zao. Akitaka zaidi, nahamisha mazungumzo. Watu hudhani naringa. Laiti wangejua.

Bibi yangu mzaa baba aliishi nasi Kihesa, pale Iringa, lakini alikuwa Msafwa wa milima ya Mbeya. Habari yake kila mtoto wa ukoo aliijua. Alipokuwa mdogo, wapiganaji wa Kisangu walimteka shambani, na baba yake akawafuata mbio, mikono mitupu, akiita jina lake mpaka akaanguka. Toka Usangu bibi alipita mikono mingi, mwisho akaolewa na babu. Baba yangu alikuwa karani wa boma na mtu mgumu kweli, lakini akisimulia zile mbio, machozi yalimlengalenga. Na zilikuwa na faida yake pia. Kwenye ukoo wa babu walikuwamo watu wa maneno, na mwanamke aliyenunuliwa, hata azae wanaume watupu, watoto wake husemwa pembeni. Aliyetekwa ni mwingine. Huyo ana kwao, na ana baba aliyemlilia.

Nilipofika mwaka wa mwisho chuoni, huko Kampala, miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, mwalimu wetu wa historia alisema amechoka kusoma insha zilizonakiliwa kwenye majalada ya serikali. Tuwaulize wazee, alisema, na tusiandike jambo kwa sababu tu tunalipenda. Basi bwana, nikavimba kichwa. Likizo ile nikamkalia bibi kooni anitajie mlima wao na jina la baba yake. Akakataa katakata. "Wa nini hao, mume wangu? Wamekufa wote," alisema, maana bibi zetu ndivyo wanavyotutania. Siku nilipofunga mzigo ndipo akanitajia, tena akaniomba kitu kimoja: nimwangalizie kama mdogo wake wa kiume aliishi.

Nilipanda basi hadi Mbeya, vumbi la Usangu likanigeuza mwekundu kama tofali. Jumbe wa kule mlimani akanielekeza bila shida. Mdogo wake bibi alikuwapo, mzee mwembamba ndani ya koti kuukuu, mwenye Kiswahili alichokiokota machimboni Chunya. Nilipomwambia dada yake yu hai, alilia. Akanichinjia kuku, akanikalisha karibu na moto. Nikamuuliza habari za siku ile ya vita, naye akanishangaa. Vita gani? Ilikuwa njaa, alisema. Baba yao alimchukua binti yake mwenyewe, akamteremsha mpaka Usangu, akarudi na kikapu cha mtama. Uji wa mtama ule alinyweshwa yeye, kitindamimba, ndiyo maana yuko hapa anaongea na mimi. Nikamuuliza kama baba yao hakuwakimbilia watekaji. Akasema hakuna aliyemkimbilia mtu, baba alirudi anatembea polepole kwa sababu kikapu kilikuwa kizito.

Niliandika yote, na kusema kweli nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, mpumbavu mimi. Ushahidi kama ule ningeupata wapi?

Bibi nilimpelekea nusu. Nilimwambia mdogo wake yupo, ana wajukuu, anamsalimu. Akapiga vigelegele peke yake jikoni. Kisha akauliza kama alisema lolote jingine, nikajibu ni mambo ya kizamani tu. Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye chungu chake. Nusu ya pili nikaiweka kwenye tasnifu kwa Kiingereza, bila jina, nikaandika tu ni mama mmoja mzee wa Iringa, Msafwa aliyepitia Usangu. Nani Kihesa angesoma? Mwalimu wangu akaandika pembeni, kwa wino mwekundu, kwamba katika kazi nzima huo ndio ukurasa bora.

Niliporudi na shahada baba akafanya sherehe. Ukoo wa babu ukajaa uani, ulanzi ukamiminwa. Katikati ya furaha baba akaitisha tasnifu, maana ilijalidiwa ikapendeza, akawa anafunua akitafuta pa kuwasomea watu. Akauona wino mwekundu. Mimi nilikuwa upande wa pili nikipanga viti. Nilipomsikia anatafsiri, sentensi baada ya sentensi, kwa sauti yake ya boma, nikajua ni ukurasa upi. Nikaanza kupenya kati ya watu nimfikie. Wapi! Alishafika kwenye kikapu. Hapo sauti ikapungua, lakini baba alikuwa mtu wa kumaliza alichoanza, akamaliza. Akaifunga, akaketi. Mzee mmoja wa ukoo akakohoa, akasema, "Kumbe." Basi, ni hilo tu. Hakuna aliyetukana, na ulanzi waliendelea kuunywa.

Wageni walipotawanyika nikaenda kumpigia bibi magoti. Nilitaka kumpa pole kwa kuipata habari ile mbele za watu. Hakunipa nafasi.

"Unadhani nilikuwa sijui?" alisema. "Kikapu kile nilikibeba mwenyewe kwenda, kitupu, kichwani. Nilipomzaa baba yako nikaona mtoto hawezi kukua na babu wa namna ile. Nikampa mwingine."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kabla sijasafiri. Akasema ningeandika.

Wenzangu waliosoma nami hukumbuka tasnifu zao kwa raha, wakicheka walivyohangaika. Mimi natamani ningeandika juu ya kahawa, au reli, au kitu chochote kisicho na mama yake mtu ndani.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Asubuhi ya mazishi baba alinipa karatasi niandike historia ya marehemu isomwe kaburini, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa historia. Tangu siku ya sherehe hakuwa amezitaja tena zile mbio. Niliandika kwamba bibi alizaliwa milima ya Mbeya, nikakwama. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Andika kwamba baba yake alimkimbilia," akasema.

Nikamwambia watu wote wanajua.

"Najua wanajua. Andika."

Nikaandika. Akaisoma pale kaburini kwa sauti ile ile ya boma, neno kwa neno, na ukoo mzima ukatazama chini mpaka alipomaliza.