Pua ya Pili Jikoni

Baada ya mazishi ya mume wangu, wanawake wa kanisa walibaki kijijini kwetu Malinya siku kadhaa kunisaidia, na huku kwetu kumsaidia mjane ni kusugua. Walisugua kuta, viti, hata mkebe wa chumvi. Jikoni wakakuta chupa ya plastiki iliyoungwa kwenye mpira wa gesi, imejaa waya wa kusugulia sufuria ulioshika kutu. Nadhani walifikiri huzuni imenifanya nizembee. Wakautupa, wakajaza waya mpya unaong'aa, wakarudisha kifuniko vile walivyoweza.

Gesi yetu hutoka kwenye samadi ya ng'ombe, shimoni nyuma ya nyumba. Inapika obusuma, ugali wetu, vizuri, ila ndani yake mna gesi nyingine yenye sumu, inayonuka mayai yaliyooza. Mume wangu alikuwa mwalimu wa kemia, na hata mezani hakuwa na likizo. "Kutu ndiyo inayofanya kazi," aliniambia, mimi nikitaka tu anipishe nipakue. Ile sumu huipa kutu elektroni zake, salfa inanaswa, na kutu inageuka nyeusi. Ukiianika nje, hewa inazichukua zile elektroni, nayo inarudi kuwa nyekundu, tayari kwa kazi tena. Nilikuwa nikiitikia "ehe, mwalimu" huku nikiwaza mboga. Leo ningempa siku nzima anifundishe.

Wale wanawake walipoondoka, nilianza kuumwa kichwa. Macho yalinichoma kila nilipopika, yakatoa machozi, nami nikayaacha yatiririke. Mjane akilia jikoni, nani atauliza sababu? Watu nao wakapungua. Waliokuja walisimama uani, wakanisalimu, kisha wakakumbuka ghafla kwamba wameacha kitu motoni. Niliumia sana. Nikasema moyoni, basi, wamenichoka, na chai nikainywa peke yangu.

Jirani yangu, mke wa fundi wa baiskeli, ndiye aliyethubutu. Alisimama mlangoni ameziba pua kwa leso.

"Mama, usinikasirikie. Hii jikoni yako inanukanga mayai mbovu. Sisi tunaogopanga kukwambia, juu uko na msiba. We husikii?"

Sikusikia. Pua huizoea gesi ile upesi, halafu hunyamaza, na nyumbani hapakuwa na pua nyingine ya kunitetea. Nilifunga gesi, nikafungua madirisha, nikaketi nje na hasira zangu. Niliwakasirikia wale wanawake na usafi wao, nikamkasirikia na marehemu kwa kuniachia somo nusu.

Ule waya mpya niliuloweka katika maji ya chumvi, nikauanika hadi ukawa mwekundu mzima. Nikaurudisha chupani, nikakaza kifuniko, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio kama nilivyomwona akifanya. Hakikutoka kiputo. Lakini pua yangu sikuiamini tena, kwa hiyo nilikwenda kumwita jirani.

Alikuja, akainama juu ya jiko, akavuta hewa kwa nguvu.

"Hakuna kitu, mama. Iko safi kabisa."

Nikamshika mkono, nikamwambia chai iko tayari. Akasema ana mahindi ya kupalilia, atakuja siku nyingine, maadamu jiko limepona. Nilisikiliza ndala zake hadi zilipofika barabarani. Nilitamani angenusa kitu, hata kidogo tu, ili kesho arudi kuhakikisha.